Regan au Morse: uanze na John Thaw yupi?

Ukimuuliza Mwingereza wa makamo kuhusu John Thaw, jibu litategemea alizaliwa lini. Mmoja atakusimulia askari kanzu wa London mwenye tai iliyolegea na koti alilolala nalo, anayefungua mlango kwa teke kisha ndipo anauliza nani yumo. Mwingine atakusimulia mzee mwenye mvi wa mji wa Oxford, anayesikiliza opera ndani ya gari na kugeuza uso pale anapoonyeshwa maiti. Wa kwanza ni Jack Regan wa The Sweeney, tamthilia iliyorushwa na ITV kuanzia 1975 hadi 1978. Wa pili ni Inspekta Morse, aliyeanza 1987 na kuaga mwaka 2000 kwenye kituo hichohicho. Mwigizaji ni mmoja.

Kwa mpenzi wa hadithi za upelelezi ambaye hajamwona hata mmoja, swali ni la vitendo: nianze wapi? Vipindi vya The Sweeney ni 53, kila kimoja kama dakika 50. Morse ana filamu 33, kila moja ikikaribia dakika 100. Piga hesabu: saa 44 upande huu, saa 55 upande ule. Mtu mwenye kazi, watoto na bando la kuhesabu hawezi kuyameza yote, na akianza vibaya ataacha mapema.

Karibu kila mtu atakushauri Morse. Mimi nilishauriwa hivyo, nikaanza na Morse, nikasinzia kabla mtu wa pili hajauawa. Baadaye sana nikamwona Regan, nikarudi kwa Morse, na safari hii sikufumba jicho. Basi upande wangu nimeshautaja. Ila kuna watu ambao ushauri wangu hauwafai kabisa, na nitawataja pia.

Kwanza mwenyewe. Thaw alizaliwa Manchester tarehe 3 Januari 1942, baba yake dereva wa malori ya masafa marefu. Mama aliondoka nyumbani mtoto akiwa na miaka saba, akamwachia baba wavulana wawili. Akiwa na miaka 16 tu alikubaliwa RADA, chuo cha uigizaji cha London, akikaa darasani na watu waliomzidi umri. Mwaka 1964 akapewa nafasi ya mhusika mkuu katika tamthilia ya Redcap, akicheza sajini wa polisi wa jeshi anayetumwa kuchunguza makosa ya wanajeshi wenzake. Alikuwa na miaka 22, na tayari kazi yake ilikuwa kuhoji watu wasiotaka kujibu.

Kilichomsaidia, ingawa mwenyewe huenda hakukifurahia, ni uso uliozeeka mapema. Filamu ya majaribio iliyoitwa Regan iliporushwa 1974, alikuwa na miaka 32; ukimtazama unampa 45. Alipofika hiyo 45 yenyewe, ndiyo anaanza Morse, nywele zimeshakuwa nyeupe na unamwona kama mtu anayesubiri pensheni. Hakuwahi kucheza kijana kwa sababu hakuwahi kufanana na kijana.

Mtaa dhidi ya chuo

Jina The Sweeney lenyewe ni somo. Wakazi wa mashariki ya London wana mchezo wa kuficha neno nyuma ya neno jingine linalofanana nalo mwishoni kwa sauti. Flying Squad, kikosi cha polisi wa London cha kuwasaka majambazi wenye silaha kilichoundwa 1919, kinafanana kwa sauti ya mwisho na Sweeney Todd, yule kinyozi muuaji wa hadithi za zamani. Kisha Todd anadondoshwa, inabaki Sweeney, na asiye wa mtaa haelewi kitu. Aliyekulia Nairobi na kusikia polisi wakiitwa karao hatashangaa. Kila mji una majina ya kuwaita askari bila askari kugeuka.

Kampuni ya Euston Films, iliyotengeneza The Sweeney, ilifanya jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida kwa tamthilia za Uingereza: ilitoka studio. Walitumia kamera nyepesi za filamu ya milimita 16, wakapiga picha barabarani, wakamaliza kipindi kimoja kwa takriban siku kumi. Ofisi zao zilikuwa katika jengo la shule ya zamani huko Hammersmith, na palipohitajika ukumbi au ngazi za kukimbizana, jengo hilohilo lilitumika. Ndiyo maana London unayoiona humo si ile ya kadi za posta. Ni maghala matupu kando ya mto, nyumba zilizobomolewa nusu, baa zenye moshi, anga la rangi ya sufuria. Hata ukiwa huijali hadithi, utaitazama kama kumbukumbu ya mji usiokuwapo tena.

Oxford ya Morse ni kinyume chake. Mawe ya rangi ya asali, nyasi zilizokatwa, walimu wa chuo wanaotukanana kwa heshima mezani na siku ya pili mmoja wao yumo mtoni. Hakuna anayekimbia. Gari linaendeshwa taratibu, muziki unapigwa hadi mwisho. Usipokuwa na subira hapa utaangalia saa kila dakika kumi.

Jambo linalowasumbua watu wetu zaidi, na ambalo wachambuzi wa Uingereza hawana haja ya kulitaja, ni lugha. Kiingereza cha Morse ni cha darasani, kinafuatika. Kiingereza cha Regan ni cha vichochoro, kinamezwa nusu, na kimejaa mafumbo ya aina ile niliyoeleza. Washa maandishi ya chini bila kuona aibu. Kwa vipindi vitatu vya mwanzo utasoma zaidi ya kusikia, kisha sikio linazoea.

Gari, na nani analipa bia

Kuna utani wa bahati ambao huuoni mpaka umeangalia pande zote mbili. Katika The Sweeney, Jaguar kuukuu ni gari la jambazi. Regan na wenzake wanafukuza kwa Ford, na mara nyingi zinazoishia kubonyea ni zile Jaguar. Miaka kumi baadaye, Thaw huyohuyo anapita polepole mitaa ya Oxford akiendesha nini? Jaguar nyekundu ya mwaka 1960. Katika riwaya za mwanzo za Colin Dexter, mtunzi aliyembuni, Morse alikuwa na Lancia. Televisheni ikamvisha Jaguar, na Dexter, mtu asiye mbishi, akamkabidhi gari hilo hata vitabuni.

Wasaidizi nao wanakupa kipimo kizuri cha kuchagua. George Carter, aliyechezwa na Dennis Waterman, ni mwenzi wa Regan: wanalewa pamoja, wanapigana bega kwa bega, wanakingiana kifua mbele ya mkubwa wao Haskins. Vyeo vinapishana lakini huoni bwana na mtumishi. Sajini Lewis, aliyechezwa na Kevin Whately, ni mambo mengine. Ana mke, ana watoto, anataka kuwahi nyumbani kula. Bosi wake hana mtu wa kumsubiri. Morse anamsahihisha sarufi, anamdharau kwa kutomjua Wagner, mtunzi wa opera, kisha akifika baa anajipapasa mifuko kama mtu aliyesahau pochi, na Lewis analipa. Kila mara Lewis analipa. Vitabuni Lewis alikuwa mtu mzima wa Wales. Waandaaji wakamfanya kijana wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, na uamuzi huo ndio uliouokoa mfululizo wote. Bila kijana wa kumstahimili, Morse angekuwa mzee msumbufu tu.

Ukipenda hadithi za urafiki, basi Regan. Ukipenda hadithi ya mwalimu na mwanafunzi ambao hawatakiri kamwe kuwa wanapendana kama baba na mwana, ni Morse, na hakuna wa kushindana naye.

Sheria iko wapi

Regan anavunja sheria mbele ya macho yako. Anaingia nyumba za watu bila kibali, anatishia watoa habari, anafunga makubaliano na mwizi mdogo ili ampate mkubwa. Hachukui rushwa, na hilo tamthilia inalisisitiza, kwa sababu watazamaji wa London walikuwa na habari nyingine magazetini: mwaka 1977, katikati ya mfululizo, Kenneth Drury, aliyewahi kuwa kamanda wa Flying Squad halisi, alifungwa kwa ufisadi. Kwa hiyo unapomwona Regan akigombana na wakubwa wanaotaka karatasi zikae sawa, ujue ugomvi ule haukuwa wa kubuni tu. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa sana. Amewaona askari wa aina zote mbili, anayefuata kitabu asikamate mtu, na anayekamata watu akakitupa kitabu.

Ninachokisifu ni kwamba tamthilia haimpi Regan ushindi wa bure. Majambazi wanaponyoka. Ndoa yake imeshavunjika, binti anaishi na mama, na kazi inazidi kumla. Ninachokilaumu ni namna wanawake wanavyoonyeshwa: wengi ni mapambo, wanaingia chumbani na kutoka bila jina la kukumbuka. Miaka ya sabini ndiyo hiyo, lakini kuisema lazima. Na matusi yamo, ngumi zimo, pombe inamiminwa tangu asubuhi. Usiangalie ukiwa sebuleni na mama mkwe.

Morse havunji mlango. Dosari yake ni nyingine: ana akili nyingi na mara kwa mara anakosea. Anajenga nadharia nzuri kama fumbo la maneno la gazeti, anamshuku mtu asiyehusika, kisha inabidi aibomoe. Anawapenda wanawake anaokutana nao kazini, na wengi wao wanageuka kuwa marehemu au washukiwa. Kwa mpenda mafumbo ya kutafuta muuaji hatua kwa hatua, humu kuna chakula cha kutosha. Hata muziki unacheza nawe: mtunzi Barrington Pheloung aliliandika jina Morse ndani ya wimbo wa kufungulia kwa nukta na mistari ya simu za maandishi, na wakati mwingine alificha humo jina la muuaji, au la mtu asiye muuaji ili akupotoshe.

Mdomo na macho

Hapa ndipo penye sababu yangu halisi.

Regan ni mtu wa mdomo. Thaw anabweka, anakejeli, anakatiza maneno ya watu, hasira yake inamtangulia mlangoni. Watu husema debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili linavuma likiwa limejaa. Chini ya kelele kuna mtu aliyechoka, na Thaw anakuonyesha uchovu huo kwa sekunde mbili tatu tu, akiwa peke yake na glasi yake.

Kwa Morse amegeuza vazi ndani nje. Uchovu umekuja juu, hasira imekwenda chini. Anasimama kwenye korido ya hospitali akiambiwa habari mbaya, hasemi neno, kidevu kinatikisika kidogo, macho yanaondoka kwa anayezungumza. Asiyemjua anaona mzee kanyamaza. Aliyemwona akipiga meza miaka kumi kabla anajua nini kinazuiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tuliotoka kwa Regan mshindo wenyewe tumeshausikia. Wakati wa Lewis kufokewa ghafla kwa jambo dogo, na hutokea, unatambua sauti: ni ile ya London, imepotea njia ikaingia chuo kikuu.

Waingereza walimpa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora mara mbili kwa ajili ya Morse, 1990 na 1993. Kwa Regan hakupewa. Nadhani hata waamuzi walihitaji kuona pande mbili za sarafu ndipo waamini ni ya dhahabu.

Na kuna upande wa tatu, unaotuhusu zaidi sisi wa Afrika. Mwaka huohuo wa 1987 Morse alipoanza kuonekana, Thaw alicheza Jimmy Kruger katika Cry Freedom, filamu ya Richard Attenborough kuhusu Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi, iliyopigwa Zimbabwe. Kruger ndiye waziri wa polisi wa Afrika Kusini aliyesema kuwa kifo cha Biko, Septemba 1977, kilimwacha baridi, yaani hakikumgusa moyo. Mwigizaji mwingine angemfanya shetani mwenye mapembe. Thaw anampokea mhariri Donald Woods nyumbani kwake kwa tabasamu na ukarimu, anamsikiliza, anaahidi kulishughulikia jambo. Ukiwa umeshamzoea kama polisi mwema wa aina mbili, ukarimu ule unakutia ubaridi mgongoni. Sehemu yake ni fupi. Iangalie baada ya hao wawili, si kabla.

Kwa hiyo, wewe ni nani?

Kama una jioni fupi na usingizi wa haraka, Regan, bila mjadala. Kama huwezi kustahimili picha zilizochakaa na kelele, nenda Morse moja kwa moja na usahau niliyosema; mtu asile asichokipenda kwa sababu eti kinafungua hamu ya kula. Kama unaangalia na wazazi, Morse. Kama unajifunza Kiingereza, Morse pia, isipokuwa unapanga kuhamia mashariki ya London. Mpenzi wa riwaya anaweza kuanza na vitabu 13 vya Dexter, lakini aonywe kuwa Morse wa kitabuni ni bahili zaidi na macho yake kwa wanawake hayana adabu. Thaw ndiye aliyemfanya awe na haya.

Wengine wote, fanyeni kama ifuatavyo. Chukua "Ringer", kipindi cha kwanza cha The Sweeney cha Januari 1975, uzoee mwendo. Kisha "Abduction", ambamo binti yake Regan anatekwa. Hapo utaona mara ya kwanza nini kipo chini ya kelele. Ongeza kimoja au viwili vya kubahatisha, na ukikutana na vile vya majambazi wa Australia ujue ni vya kuchekesha kuliko kutisha. Halafu ruka kwenda Oxford.

Kwa Morse, "The Dead of Jericho" ya Januari 1987 ndiyo mlango, imeandikwa na Anthony Minghella kabla dunia haijamjua kwa filamu zake kubwa. Ukiona inakwenda taratibu mno, usikate tamaa, nenda "Masonic Mysteries" ya 1990, iliyoongozwa na Danny Boyle akiwa bado si maarufu. Humo Morse mwenyewe ndiye mshukiwa wa mauaji, mtu asiyeonekana anamharibia maisha kipande kwa kipande, na anaogopa waziwazi. Kama ningeruhusiwa kumpa mtu moja tu kati ya 33, ningempa hiyo. "The Wench Is Dead" ya 1998 ni ya wanaopenda historia: Morse amelazwa hospitalini na anachunguza mauaji ya mwaka 1859 akiwa kitandani.

Kazi zake nyingine nitazipitia haraka. Kavanagh QC, iliyoanza 1995, inamweka mahakamani kama wakili, na inawafaa wapenda kesi. Goodnight Mister Tom ya 1998 ni ya familia nzima, andaeni leso. A Year in Provence ya 1993 iacheni ilipo. Hata waliomwabudu walishindwa kuitetea.

Mwisho wa kila mmoja uuhifadhi hadi umemzoea. Regan, katika "Jack or Knave" ya Desemba 1978, anashukiwa ufisadi, anasafishwa, anaambiwa arudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Anawatolea yote yaliyomjaa moyoni na kuondoka. Morse, katika "The Remorseful Day" ya Novemba 2000, anaanguka kwenye uwanja wa chuo huku kwaya ikiimba. Mmoja anatoka akifoka, mwingine anatoka bila sauti. Thaw mwenyewe alifariki tarehe 21 Februari 2002 kwa saratani ya umio, akiwa na miaka 60, miezi 15 tu baada ya nchi kumlilia Morse.

Baada ya hayo, kama bado una nguvu, tafuta kipindi cha kwanza cha Endeavour cha Januari 2012, kinachomwonyesha Morse akiwa kijana, akichezwa na Shaun Evans. Mhariri wa gazeti la mji anamtazama na kumuuliza kama waliwahi kuonana. Anayemcheza mhariri huyo ni Abigail Thaw, binti yake John. Na mwishoni kabisa, bosi wake anamuuliza kijana atakuwa wapi baada ya miaka ishirini. Kijana anainua uso kwenye kioo cha gari, na kinachomtazama humo ni macho ya Thaw, macho tu, bila neno.